Waliosimama Shilang

Drrrr. Kimya. Drrrr, drrrr. Kimya tena, kisha mlio wa mkasi uliogongwa mezani mara mbili.

Gan Shuyue aliusikia kabla hajafumbua macho, akajua kuna jambo huko chini. Mama yake hakuwa mtu wa kugonga mkasi. Luo Jinxiu alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini, na hasira yake ilikuwa na desturi ya kuingia kwenye mshono na kutokea upande wa pili imenyooka. Mkasi ukigongwa, basi hasira imekosa kitambaa.

Shuyue aliteremka ngazi nywele zikiwa timutimu. Chini, katika darasa la ushonaji la bure, cherehani nane zilikuwa zimenyamaza. Wanafunzi ishirini na wanne, wanawake waliofika Guangzhou kutoka Hubei mara tu baada ya mwaka mpya, walikuwa wamesimama kama watu waliofika msibani. Mama alishika karatasi yenye muhuri mwekundu.

"Soma," akasema. "Wewe ndiye msomi wa nyumba hii."

Shuyue akasoma kwa sauti. Wilaya ilikusudia kulifunga darasa hilo mwisho wa mwezi, na kuwaondoa wote wanaosimama asubuhi kando ya barabara ya Shilang. Sababu ilikuwa moja: utafiti wa soko la ajira umeonesha kwamba mafundi wamezidi kazi. Watu 3,812 wasio na ajira husimama hapo kila asubuhi, na makadirio yanaonesha watafika elfu sita kabla ya kiangazi. Kwa hiyo hakuna haja ya kuwafundisha wengine. Uamuzi ungepitishwa Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Mafundi wamezidi," mama akasema. "Hapa Shilang! Jana tu bosi mmoja amenifuata mpaka sokoni, nimeshika mizizi yangu ya yungiyungi ya supu, ananibembeleza nimpe wanafunzi wawili. Nikakataa. Akasema basi mmoja. Nikakataa. Akasema, mama, hata yule anayeshona upogo!"

Wanawake wakacheka, wote wakamtazama mwenzao mmoja aliyekuwa karibu na mlango, naye akacheka zaidi yao.

"Huo ni utafiti wa nani, Shuyue?"

Shuyue alikuwa ameshaliona jina. Ilikuwa taasisi iliyomwajiri yeye, na chini ya barua palibandikwa ramani yenye vituo ishirini, vyote kwa namba, bila jina hata moja. Kituo cha 7 kilikuwa chekundu. Aliikumbuka siku ile. Aliambiwa kila kinachozidi elfu tatu kipakwe nyekundu, akapaka, akaenda kula.

"Ni sisi, mama," akasema. "Na rangi hii niliipaka mimi mwenyewe. Sikujua kwamba cha saba ni hapa."

Mama alimtazama kwa muda ambao mtu angeweza kutunga uzi katika sindano tatu.

"Basi nenda kaifute," akasema, akakaa kwenye cherehani yake.

*

Taasisi ilikuwa ghorofa ya kumi na tisa. Qiu Zhiheng, kijana wa Harbin kule kwenye theluji, ndiye aliyeiunda mashine ya kuhesabu: kamera ndogo juu ya nguzo za taa, zenye akili unde ndani yake, zinazowahesabu watu, kuifuta picha papo hapo kama sheria inavyotaka, na kutuma namba peke yake. Aliipenda mashine ile kama mtu anavyompenda mtoto wake wa kwanza. Ukiikosoa, umemtukania uzao.

"Kaka Qiu," Shuyue akamwambia kabla hajaweka mkoba chini, "mashine yako inamjuaje mtu asiye na kazi?"

"Habari za asubuhi na kwako pia."

"Nijibu."

"Anayesimama pembeni mwa barabara zaidi ya dakika tano, ameshika kibao au kitu chochote mbele ya kifua, huyo anatafuta kazi. Anayetembea ni mpita njia." Akashusha sauti. "Baba yangu alisimama hivyo miaka kumi na mmoja, brashi ya rangi mkononi na kibao shingoni, baridi inamkata masikio. Wanaosimama nawajua, Shuyue. Hilo usinifundishe."

Shuyue alikuwa amekuja na kicheko mdomoni, akakimeza kwa heshima ya mzee yule asiyemjua.

"Kaka, baba yako alisimama Harbin. Kwetu Shilang wanaosimama ni mabosi wa karakana za nguo."

"Unasema?"

"Mabosi ndio wanaosimama, mistari miwili, kila mmoja na sampuli ya nguo yake. Mafundi ndio wanaotembea katikati. Wanapapasa mshono, wanauliza ujira wa kipande, wanasonya, wanaenda zao. Umehesabu mabosi elfu tatu mia nane wanaotafuta watu, ukawaita watu wanaotafuta kazi. Mafundi wenyewe umewaita wapita njia."

Qiu akatikisa kichwa. "Haiwezekani. Duniani kote anayeomba kazi ndiye anayesimama."

"Duniani kote labda. Shilang, hapana."

Wakaingia pamoja kwa Mkurugenzi Fei Zhaoting. Huyu alikuwa mtu ambaye utabiri wake ulitimia miaka kumi na mmoja mfululizo, na alitembea kama mtu anayelijua hilo. Alisikiliza huku akipuliza majani ya chai yaliyoelea katika bilauri yake.

"Picha ziko wapi?"

"Zimefutwa, Mkurugenzi. Sheria."

"Basi wewe una hadithi, binti Gan, na mimi nina namba."

"Namba isiyo na macho itatutumbukiza shimoni, Mkurugenzi, hata ikiwa na nukta mbele na tarakimu nne nyuma yake."

Qiu akakohoa. Mkurugenzi akaweka bilauri chini.

"Husemwa mbinguni kuna ndege mjanja wa vichwa tisa, na duniani kuna watu wa Hubei kama wewe. Nilidhani ni masihara. Vichwa vyako vyote tisa vinasema hivyo?"

"Vyote. Nipe saa moja, kesho asubuhi, uje mwenyewe. Nikikosea, barua yangu ya kuacha kazi itakuwa mezani kabla chai yako haijapoa."

"Na ukipatia?"

"Ijumaa utasimama mbele ya wilaya useme tumekosea."

Neno lile halikuwahi kutoka katika ofisi ile kwa miaka kumi na mmoja. Fei alimtazama msichana huyu mwenye uzi wa buluu ulionasa kwenye sweta, kidevu kiko juu, akaona kwamba akikataa ataonekana anaogopa mtaa.

"Saa mbili kamili," akasema. "Na usinicheleweshe."

*

Alhamisi Shilang ilikuwa imefurika. Mabosi walikuwa mistari miwili tangu kwenye daraja hadi soko la vitambaa, wengine na blauzi kwenye henga, wengine na suruali begani, vibao vya ujira vikining'inia. Katikati walitembea mafundi, mikono mfukoni, wanakula tambi za moto zenye ufuta katika vibakuli vya karatasi, wakizitazama nguo zile kama mama mkwe anavyotazama ukoo wa bwana harusi.

Mkurugenzi alikuja na koti zuri la sufu. Qiu alibeba kamera ya akiba na kioo chake, ambamo watu walionekana kama vivuli visivyo na sura: wekundu kwa wasio na kazi, kijivu kwa wapita njia. Mistari yote miwili ilikuwa myekundu.

"Naona watu wamesimama," Fei akasema. "Ndivyo mashine ilivyosema."

"Simama nao," Shuyue akajibu.

Luo Jinxiu akatoka darasani na blauzi ya njano, akaiweka mikononi mwa mkubwa yule bila kumwomba ruhusa.

"Shika, Mkurugenzi. La, hiyo si bendera. Mbele ya kifua. Mshono utazame nje, wapate kuupapasa. Hivyo. Sasa ngoja."

Haikuchukua dakika mbili. Mwanamke wa makamo mwenye andazi la mvuke mkononi, ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi Tao, akasimama mbele yake, akageuza kola ya blauzi ile kwa kidole kimoja.

"Bosi mgeni?"

"Eeh... mgeni."

"Unalipa ngapi kipande?"

Fei akamtazama Shuyue. Shuyue akatazama mawingu.

"Yuan nne," akasema Fei.

Shangazi Tao akawageukia wenzake. "Jamani, njooni mumwone bosi wa yuan nne! Kola ya vipande viwili, marinda kifuani, vifungo tisa, yuan nne! Bosi, mkeo anajua umetoka nyumbani?"

Kicheko kikaruka kutoka mstari huu hadi ule. Masikio ya mkurugenzi yakaiva.

"Sita," akasema.

"Chakula kipo?"

"Kipo."

"Cha nyama au cha maneno?"

"Cha nyama!"

"Taa za karakana ni mpya, au ni zile za kupofusha watoto wa watu?"

"Mpya kabisa."

"Basi nane, na Jumapili nalala."

"Nane!" Fei alishasahau kwamba hana karakana, hana taa, wala hana nyama. "Kwa nane nitafunga biashara!"

"Funga," Shangazi Tao akasema, akauma andazi. "Mwenzako pale anatoa nane na nusu, na haoni haya."

Akaondoka. Na mkurugenzi wa taasisi, mtabiri wa miaka kumi na mmoja, akachukua hatua mbili nyuma yake, blauzi ikipepea. "Dada! Saba na nusu! Dada!"

Hakugeuka.

"Usimfuate, ndugu yangu," bosi wa kushoto akamwambia kwa huruma. Alikuwa mtu mnene aitwaye Wan, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Ukimfuata anajua una njaa. Leo ni siku yako ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Mimi ya sita. Nina cherehani thelathini, kumi na tisa zimelala. Kitambaa kimekatwa, mteja ananipigia simu kila saa. Mke wangu amerudi kushona. Mama mkwe wangu amerudi kushona. Jana nimejikuta namtazama mbwa."

Fei hakucheka. Alitoa daftari. "Kumi na tisa, umesema?"

"Kumi na tisa."

Akaenda kwa bosi wa pili, akamuuliza. Akaenda kwa wa tatu. Shuyue alimwona akivuka barabara, blauzi imebanwa kwapani na kalamu imo katikati ya meno, akiuliza na kuandika na kuuliza tena, na akaona kwamba mtu huyu alikuwa na njaa ya ukweli, iliyofungiwa juu ya ghorofa ya kumi na tisa miaka yote hiyo.

"Mkurugenzi," Qiu akaita. Alikuwa ameegemea nguzo ya taa, uso umempauka.

"Subiri."

"Mkurugenzi, tafadhali. Uliposimama pale na blauzi, dakika ya tano ilipopita, mashine ilikuhesabu."

"Ikasema nini?"

Qiu hakuwa mtu wa kuficha matokeo. "Mwanamume asiye na ajira. Umri, takriban miaka sitini na mmoja. Uwezekano wa kupata kazi msimu huu, mdogo sana."

Bosi Wan ndiye aliyeanza. Kicheko chake kilimtoka tumboni, kikamwambukiza jirani, kikashuka mstari mzima mpaka sokoni, kwa watu ambao hata hawakujua wanacheka nini. Fei aliitazama blauzi, akatazama kioo, ambamo kivuli chake chekundu kilikuwa kimesimama kati ya vivuli vyekundu vya mabosi wenzake. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakaa kwenye marobota ya kitambaa.

"Hamsini na saba," akasema akijifuta machozi. "Hata umri imekosea!"

Shuyue hakukaa. Alijua kwamba kuonesha kosa ni nusu ya kazi. Wilaya ingeuliza: kama hao si wasio na kazi, mafundi wangapi basi wanahitajika? Akawaita wanafunzi wa mama yake, wote ishirini na wanne, akampa kila mmoja kalamu na kipande cha barabara.

"Muulizeni kila bosi maswali mawili tu. Una cherehani ngapi? Ngapi zimelala? Msiulize la tatu, mtapewa kazi."

"Na akinipa?" akauliza yule wa kushona upogo.

"Mwambie Ijumaa jioni."

Qiu akamsogelea Luo Jinxiu akiwa ameinamisha kichwa. "Shangazi, wanaosimama nimeelewa. Lakini wanaotembea? Kati ya fundi na mtu anayekwenda kununua mboga, nitawatenganishaje?"

"Tazama mikono, mwanangu. Mnunuzi wa mboga hapapasi mshono."

Qiu akakaa chini pale pale kando ya barabara, kompyuta mapajani, na kabla ya saa ya chakula cha mchana alikuwa ameifundisha mashine kutazama mikono. Aliporudi kuwahesabu, mistari miwili ya mabosi iligeuka buluu, na katikati yake wekundu, yaani mafundi wanaotafuta kazi, walikuwa wachache, wametawanyika kama pilipili katika sufuria ya maskini.

*

Ijumaa ukumbi wa wilaya ulijaa. Mwenyekiti, Mama Bian, alikuwa mwanamke mkavu aliyezoea kudanganywa kwa takwimu. Fei Zhaoting akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Tumekosea," akasema.

Kalamu zikasimama. Akaeleza yote, tangu nguzo ya taa hadi blauzi, hakuficha hata umri aliopewa na mashine. "Mimi mwenyewe ni mmoja wa wale mliotaka kuwaondoa barabarani. Aliyeliona kosa ni huyu. Msikilizeni."

Shuyue akapanda. Waliulizwa mabosi mia tisa na kumi na wawili. Kwa wastani kila mmoja alikuwa na cherehani sita zilizolala. Hata ukipunguza walioongeza chumvi, na waliohesabiwa mara mbili, Shilang ilikosa mafundi wasiopungua elfu kumi na tano, na pengo lingepanuka mwezi wa tatu nguo za kiangazi zikiingia.

"Wiki iliyopita mlituambia wamezidi," afisa mmoja wa mstari wa mbele akasema. "Leo mnatuambia hawatoshi. Wiki ijayo mtatuambia wamepaa?"

"Utabiri wa zamani haukuwa na mahali pa kuukamatia," Shuyue akamjibu. "Wangu ninakupa na mpini. Jana blauzi ile iliombwa yuan nane. Tarehe kumi na tano mwezi wa tatu, nenda Shilang na blauzi ile ile, usimame. Ukimpata fundi kwa chini ya yuan tisa, njoo uichane ripoti hii mbele yangu."

"Nisimame mimi?"

"Vaa koti zuri," Mkurugenzi Fei akasema kutoka kitini, na ukumbi ukalipuka.

Mama Bian hakucheka, lakini alikuwa ameshaitoa kalamu. Akaikata barua ya kufunga kwa mstari mmoja, akaandika juu yake, kisha akasoma alichoandika: mabosi wabaki barabarani, kamera za vituo vyote ishirini zikapimwe upya kwa miguu, na darasa la bure la Shilang litoke kwenye cherehani nane, lipewe arobaini, katika ghala la zamani la nyuzi.

Nyuma ya ukumbi wanawake ishirini na wanne walipiga yowe hata mlinzi akafungua mlango. Walikumbatiana, wakakanyagana viatu, yule wa upogo akampiga Qiu busu la shavuni na kumwacha amesimama kama nguzo yake ya taa.

Luo Jinxiu peke yake alibaki ameketi, mikono magotini. Shuyue akashuka jukwaani, akamwendea.

"Umeifuta," mama akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa. Kisha, kwa kuwa alikuwa Luo Jinxiu, akapangusa pua. "Lakini arobaini, Shuyue! Mimi nilizoea nane. Mabosi wananipokonya wanafunzi kabla hawajajua kutia uzi. Nani atazijaza cherehani arobaini?"

Shuyue akapiga goti moja mbele yake, akamshika mikono ile yenye alama za sindano. Akasema kwa sauti ambayo mkurugenzi, mwenyekiti na mlinzi mlangoni waliisikia:

"Mama, nakuahidi mbele ya hawa wote. Nitakwenda Hubei mwenyewe, kijiji kwa kijiji, na namba hizi mkononi, niwaoneshe watu kazi iliko na ujira wake. Kabla mvua za mwezi wa nne hazijaanza, hakutakuwa na cherehani yako hata moja iliyolala. Na ikilala moja, nitaikalia mimi."